Sura ya Saba: Mbona Seva Inanikatalia Faili Langu Mwenyewe?

Umeme umekatika usiku, umerudi alfajiri. Unafika ofisini, unawasha mashine, taa zinawaka kijani, feni inavuma kama kawaida, lakini mfumo haufunguki. Unaingia ndani kutazama kulikoni, unakuta maneno mawili ya Kiingereza: "Permission denied". Yaani ruhusa imekataliwa. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo nimeulizwa na wahasibu, wauguzi, walimu na mafundi: "Mashine tumenunua sisi, faili nimeliandika mwenyewe, neno la siri ninalo. Sasa anayenikatalia ni nani?"

Swali ni la haki kabisa. Jibu lake ni kwamba wewe hujakatazwa chochote. Aliyekatazwa ni mwingine, anayefanya kazi kwa niaba yako huku humwoni, na sura hii inakuonyesha jinsi ya kumtambua, kujua anataka nini, na kumpa anachostahili bila kumpa kupita kiasi.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike sura nzima. Kuifanya seva iwake ni rahisi: kuna amri moja inayofungua kila kitu kwa kila mtu, na vijana wengi wanaijua kwa moyo. Kuifanya iwake huku siri za watu zikibaki salama ndiyo kazi yenyewe.

Takwimu za ng'ambo mbili za mto

Nitalieleza jambo hili kutokea Ifakara, kwa sababu ni vigumu kupata mahali Tanzania ambapo faili la kompyuta limebeba uzito mkubwa kuliko pale.

Ukitoka mjini Ifakara kuelekea Mahenge unafika Kivukoni, mahali ambapo kwa miaka mingi watu, baiskeli, malori na magunia ya mpunga yalisubiri pantoni kuvuka mto Kilombero. Leo kuna daraja la mita 384, Daraja la Magufuli, lililofunguliwa 2018. Tangu 1996, muda mrefu kabla ya daraja hilo, wadadisi wa taasisi ambayo leo inaitwa Taasisi ya Afya Ifakara wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba pande zote mbili za mto. Walianza na vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga, na kwa miaka mingi walirudi katika kila kaya baada ya kila miezi minne na maswali yaleyale: nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehamia, nani ameondoka.

Majibu hayo hayakubaki kabatini. Ndiyo yaliyowezesha kupima mradi wa vyandarua wa KINET, uliouza chandarua kwa jina la Zuia Mbu, na matokeo yaliyochapishwa 2001 yakaonyesha kwamba kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne, vyandarua vyenye dawa vilihusiana na ongezeko la asilimia 27 la uwezekano wa kuishi. Watu walijua nyumba kwa nyumba nani alikuwa hai na nani hakuwa hai tena, na kwa sababu walijua, wakaweza kuthibitisha.

Katika miaka ya 2010 karatasi zikaanza kupisha vishikwambi. Programu iliyotumika katika vituo vya namna hii Afrika Mashariki, kuanzia bonde la Kilombero hadi kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria upande wa Kenya, inaitwa OpenHDS. Mdadisi anajaza fomu kwenye kishikwambi, fomu inapelekwa kwenye seva, seva inaihifadhi. Kwa upande wa hospitali na vituo vya afya, Wizara ya Afya inatumia DHIS2, programu iliyoasisiwa na watu wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, ambayo kila mwezi hupokea takwimu za vituo vya nchi nzima. Mifano yangu mingi naichukua humo, maana programu hizi mbili zina maumbile yanayofanana.

Sasa fikiria kilichomo ndani ya seva ya takwimu za kaya. Jina la mama. Tarehe aliyojifungua. Tarehe mtoto alipofariki. Nyumba yenyewe ilipo. Mama yule alimkaribisha mdadisi ndani, akampa kigoda, akamwambia mambo ambayo pengine hajamwambia jirani. Hajui seva ni nini, na hana haja ya kujua. Anayepaswa kujua ni wewe unayeitunza.

Seva inapowaka hufanya nini?

Seva ni programu inayokaa macho ikisubiri maombi ya kompyuta nyingine na kuyajibu. Mashine inayoibeba nayo watu huiita seva, lakini hapa nikisema seva nina maana ya programu. Mashine inaweza kuwaka vizuri kabisa na seva ikagoma.

Kabla haijaanza kupokea maombi, seva hupitia hatua chache. Husoma faili la mipangilio, ambalo ndani yake imeandikwa data zinakaa wapi na zinafunguliwa kwa neno gani la siri. Hufungua logi, yaani daftari ambamo programu inaandika yenyewe kila inachofanya na kila kinachoishinda. Huwasiliana na hifadhidata, programu nyingine ambayo kazi yake ni kutunza taarifa kwa mpangilio ili zipatikane haraka. DHIS2 hutumia ile iitwayo PostgreSQL, OpenHDS mara nyingi MySQL. Mwisho hushika poti, namba ambayo maombi hupitia kuingia, kwa mfano 8080.

Ikikwama hatua moja, kwa kawaida zinazofuata hazifanyiki. Ndiyo maana kosa dogo la mwanzo huzaa malalamiko marefu mwishoni, na mtu anayesoma mwisho tu hupotea njia.

Nani anabisha hodi?

Mfumo endeshi wa Linux, unaobeba seva nyingi duniani, umerithi desturi za Unix, iliyoanza 1969 katika maabara za Bell huko Marekani kwa kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Enzi hizo kompyuta moja kubwa ilitumiwa na watu wengi kwa pamoja, kwa hiyo kila faili lilipewa mwenyewe, na kila aliyelitaka aliulizwa kwanza yeye ni nani. Desturi hiyo imebaki hadi leo, hata kwenye mashine yenye mtu mmoja.

Linalowapita wengi ni hili: katika Linux, programu nazo zina majina ya watumiaji. PostgreSQL huendeshwa kwa jina postgres. Maelekezo ya kusimika DHIS2 yanakutaka utengeneze mtumiaji wa pekee, kwa mfano dhis, asiyeweza hata kuingia kwenye mashine kama binadamu anavyoingia. Kazi yake ni moja tu, kuiendesha programu. Juu ya wote yupo root, msimamizi mkuu, ambaye hakuna ruhusa ya faili inayomzuia.

Wewe unapofungua faili, unalifungua kwa jina lako, au kwa jina la root ukitanguliza neno sudo, linalokukopesha mamlaka ya root kwa amri moja. Seva inapolifungua faili hilohilo, inabisha hodi kwa jina la dhis. Mwenye nyumba anamtazama aliye mlangoni, habari ya kwamba wewe ndiye uliyemtuma haimhusu. Hapo ndipo "mimi linanifungukia" na "seva linaikatalia" vinapoweza kuwa kweli kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo, ukikutana na "Permission denied", swali la kwanza ni: programu hii inaendeshwa kwa jina la nani? Linajibiwa kwa amri `ps aux`, inayoorodhesha kila programu iliyo hai, jina la mtumiaji likiwa safu ya kwanza. Kama seva imegoma kabisa na haimo kwenye orodha, andika `systemctl cat` pamoja na jina la huduma yako, kisha utafute mstari unaoanza na `User=`.

Kuusoma mstari mmoja

Tuseme umepata jina: dhis. Faili la mipangilio ni `/home/dhis/config/dhis.conf`. Andika `sudo ls -l` na njia hiyo, na mashine inakujibu hivi:

`-rw------- 1 root root 412 Mar 14 09:20 /home/dhis/config/dhis.conf`

Usiharakishe kuuacha mstari huu, kwa sababu jibu lote limo humo. Alama ya kwanza, kistari, inasema hili ni faili; ingekuwa folda ungeona herufi d. Alama tisa zinazofuata zigawe tatu tatu. Tatu za mwanzo ni za mwenye faili, tatu za kati ni za kundi lake, tatu za mwisho ni za watu wengine wote. Herufi r ni ruhusa ya kusoma, w ni ya kuandika, x ni ya kuendesha faili kama programu. Penye kistari hakuna ruhusa.

Hapa mwenye faili anaruhusiwa kusoma na kuandika, kundi halina kitu, wengine hawana kitu. Ni mpangilio mzuri sana kwa faili lenye neno la siri la hifadhidata. Kasoro iko kwenye majina mawili yanayofuata: root na root. Mwenye faili ni root, kundi ni la root, na dhis ameangukia kwa "wengine wote", wasio na ruhusa hata moja. Seva imesema kweli tupu. Mlango umefungwa vizuri, ila jina lililoandikwa mlangoni si lake.

Dawa ni amri moja ya kubadili mwenyewe:

`sudo chown dhis:dhis /home/dhis/config/dhis.conf`

Zile ruhusa hazikuguswa. Baada ya hapo thibitisha kwa kujivika jina la programu, kabla hata hujaiwasha:

`sudo -u dhis test -r /home/dhis/config/dhis.conf && echo sawa`

Likitokea neno "sawa", dhis anaweza kulisoma. Kisipotokea kitu, bado kuna kizuizi. Naipenda njia hii kuliko kulifungua faili lenyewe kwenye skrini, kwa sababu neno la siri halionekani kwa anayepita nyuma ya kiti chako.

Faili lilibadilishwaje mwenyewe?

"Lakini jana lilikuwa la dhis!" Huenda. Mafaili hubadili mwenyewe kwa mikono yetu tukiwa na nia njema, na katika Linux faili jipya huwa mali ya aliyelitengeneza. Ukileta nakala mpya ya mipangilio kwa kutanguliza sudo, nakala ni ya root. Ukirudisha data kutoka kwenye nakala ya akiba kwa mamlaka ya root, na akiba hiyo haikubeba majina ya wenyewe, vyote vinaangukia kwa root.

Njia ya tatu ndiyo inayotesa watu zaidi. Seva imegoma. Fundi, akitaka kuona kosa kwa macho yake, anaiwasha kwa mkono akiwa root. Inawaka! Anafurahi, anaizima, anaiwasha kwa njia ya kawaida, inagoma vibaya kuliko mwanzo. Kilichotokea ni kwamba kwa zile dakika ilipokuwa hai kwa jina la root, iliandika logi mpya, mafaili ya muda, pengine folda nzima, vyote mali ya root. Sasa dhis anarudi kazini na kukuta hata daftari lake la kila siku haruhusiwi kuliandika. Kosa lilikuwa moja, yamekuwa matano, na lile la mwanzo limefunikwa.

Waliotengeneza PostgreSQL walilijua hili. Ukijaribu kuiwasha ukiwa root, inakataa katakata na kukuandikia kwamba haikubali kuendeshwa hivyo. Natamani kila programu ingekuwa na ukaidi huo.

Milango kabla ya mlango

Kuna hali inayowachanganya hata wazoefu: faili ni la dhis, ruhusa ni sahihi, na bado linakataa. Tazama folda zilizolizunguka. Kulifikia `/home/dhis/config/dhis.conf`, mtumiaji lazima apite `/`, kisha `home`, kisha `dhis`, kisha `config`. Kwa folda, herufi x ina maana ya ruhusa ya kupita ndani. Ikikosekana kwa folda moja tu njiani, yote yaliyo mbele yake hayafikiki, hata kama ni yako.

Badala ya kukagua folda moja moja, tumia `namei -l` ikifuatiwa na njia nzima ya faili. Inakuorodheshea kila kituo, mwenyewe na ruhusa zake, kuanzia juu hadi chini. Pitisha jicho ukitafuta mahali ambapo mtumiaji wako hana x. Ajali hii hutokea sana pale data zinapohamishiwa kwenye diski mpya na mtu akasahau folda ya juu kabisa, ile ambayo diski imeunganishwa kwayo.

*Kwa ufupi hadi hapa:* jua programu inaendeshwa kwa jina la nani. Soma mwenye faili na ruhusa zake. Kagua njia nzima. Jaribu kwa jina la programu na si kwa jina lako.

Logi kwanza, mikono baadaye

Umeme ukirudi na simu zikaanza kulia, kishawishi ni kugusa kila kitu. Daktari anasubiri, ofisi ya mkoa inataka ripoti, mtu anabadilisha mambo manne kwa mpigo na mwisho hajui lipi lilisaidia. Tumia dakika tano kusoma kwanza.

Kwenye Linux za kisasa, `journalctl -b -u` na jina la huduma inakuonyesha yaliyoandikwa na huduma hiyo tangu mashine ilipowaka mara ya mwisho. Tomcat, programu inayobeba DHIS2 na OpenHDS, ina logi yake, mara nyingi faili liitwalo `catalina.out`. PostgreSQL kwenye Linux ya Ubuntu huandika ndani ya `/var/log/postgresql`.

Programu zilizoandikwa kwa lugha ya Java, kama hizi zetu, hutapika mistari mia kwa kosa moja, na wengi wakiiona hukata tamaa. Isome hivi: panda juu hadi kosa la kwanza kabisa baada ya muda ule ulipoiwasha, maana yanayofuata mara nyingi ni matokeo yake. Ndani ya kosa hilo la kwanza, shuka ukitafuta mistari inayoanza na "Caused by", yaani "imesababishwa na". Wa chini kabisa ndio chanzo. Hapo ndipo utakapokuta jina la faili lililokataliwa, na jina la faili ni nusu ya tiba. Linakili kwenye karatasi pamoja na saa.

Usiandike 777

Ruhusa huandikwa pia kwa namba: kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha au kupita ni 1, na unazijumlisha. Hivyo 600 ni mwenyewe kusoma na kuandika, wengine hapana. 640 inaongeza kundi kusoma. 750 kwa folda inampa mwenyewe kila kitu, kundi kuona na kupita, wengine hapana. Na 777 ni kila mtu, kila kitu.

Simu za namna hii napokea mara nyingi:

"Shikamoo kaka. Ile seva imekubali. Nimeweka 777."

"Marahaba. Imemkubali nani, mdogo wangu?"

"Imekubali tu, inafanya kazi."

Imemkubali kila mtu. Mwanafunzi wa mafunzo aliyepewa akaunti kwa wiki mbili anaweza kusoma neno la siri la hifadhidata. Programu yoyote yenye tundu, hata ile ya kuchapisha tangazo la ofisi, ikidukuliwa, mdukuzi anapata njia ya moja kwa moja hadi kwenye data za kaya. Maelekezo ya DHIS2 yanataka `dhis.conf` iwe 600, na ni kwa sababu hiyohiyo.

Tena 777 mara nyingine inavunja kilichokuwa kizima. PostgreSQL hukagua folda yake ya data kila inapowaka, na ikikuta watu wengine wameruhusiwa humo, inakataa kuwaka, na kukuambia ruhusa zinapaswa kuwa 0700 au 0750. SSH, njia ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali, nayo huukataa ufunguo wako ukiwa kwenye faili linalosomwa na wengine. Mtu aliyefungua folda nzima kwa amri moja ili kutibu Tomcat anaweza kujikuta ameiua hifadhidata iliyokuwa na afya.

Na kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Tanzania Mei 1, 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde dhidi ya kufikiwa na wasiohusika. Fundi anayeandika 777 kwenye folda ya data za wagonjwa anafanya jambo lenye uzito wa kisheria, hata kama anadhani anatatua tatizo la kiufundi. Kwangu, sheria inakuja ya pili. Ya kwanza ni yule mama aliyempa mdadisi kigoda.

Pale ambapo ruhusa haina kosa

Sio kila kugoma ni ruhusa, na vingine hujifananisha nayo. Hivi ndivyo ninavyovikuta zaidi:

- Diski imejaa. Logi huandika "No space left on device". Angalia kwa `df -h`. Kama nafasi ipo na bado inalalamika, jaribu `df -i`: huenda idadi ya mafaili imefika kikomo. Mhalifu wa kawaida ni logi za zamani au nakala za akiba zisizofutwa.
- Poti imeshikwa. "Address already in use" ina maana kuna programu nyingine kwenye namba hiyo, mara nyingi ni seva yako mwenyewe ya awali ambayo haikufa vizuri. `sudo ss -ltnp` itakuonyesha ni ipi.
- Poti ya chini ya 1024. Kwa kawaida hizi ni za root. Usimfanye dhis kuwa root ili ashike poti 80. Iache seva kwenye 8080 na uweke mbele yake programu kama Nginx ya kupokea wageni.
- Faili la "nipo hai". PostgreSQL huacha faili liitwalo `postmaster.pid` inapokuwa hai. Umeme ukikatika linabaki. Mara nyingi programu inalitambua yenyewe. Isipolitambua, hakikisha kwanza kwa `ps` kwamba hakuna postgres iliyo hai. Ukilifuta huku nyingine ikifanya kazi unaweza kuharibu data zote.

La tano linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu kwetu kukatika kwa umeme ni jambo la kawaida. Linux ikigundua kasoro kwenye diski baada ya kuzimika ghafla, inaweza kuifunga isiandikwe, ili madhara yasiongezeke. Logi itasema "Read-only file system". Unaweza kubadili wenye mafaili mpaka jioni na hakuna kitakachosogea. Lakini maneno hayohayo hutokea kwa sababu nyingine kabisa: kwenye Linux za Debian na Ubuntu, Tomcat 9 inayosimikwa kutoka hazina ya mfumo imewekewa uzio na systemd, msimamizi wa huduma, na inaruhusiwa kuandika kwenye folda chache zilizotajwa. Folda ya DHIS2 haimo.

Utazitofautishaje? Jaribu kuandika faili tupu kwenye folda ile kwa jina la programu, kwa `sudo -u dhis touch` ikifuatiwa na njia ya faili la majaribio. Ikikataa kwa maneno yaleyale, diski ndiyo iliyofungwa: chukua nakala ya kila kinachosomeka kwanza, kisha ndipo ukague diski. Ikikubali huku seva ikiendelea kulalamika, ni uzio: fungua `sudo systemctl edit tomcat9`, na chini ya `[Service]` ongeza mstari `ReadWritePaths=` wenye njia ya folda yako, halafu iwashe upya. Jaribio hilo moja hukuepusha kubomoa diski nzima kwa kosa la mstari mmoja.

Kwenye Linux za jamii ya Red Hat kuna mlinzi mwingine aitwaye SELinux, anayebandika lebo kwenye mafaili. Faili lililohamishwa kwa `mv` kutoka folda ya mtu binafsi huja na lebo yake ya zamani, na seva hulikataa ingawa ruhusa zote ni sawa. `restorecon` hurudisha lebo sahihi. Kumzima mlinzi huyo kabisa ni 777 kwa jina lingine.

Nani aamke kwanza?

Mfumo wa OpenHDS ulivyoundwa una sehemu kadhaa: ODK Aggregate inapokea fomu kutoka kwenye vishikwambi, Mirth inazichukua na kuzipeleka mbele, OpenHDS yenyewe inazikagua na kuzihifadhi, na chini yao wote kuna hifadhidata. Umeme ukirudi, vyote hukurupuka kwa pamoja. Tomcat ikitangulia hifadhidata, itaandika kwamba haikuweza kuunganishwa, na kosa hilo fundi huweza kulidhania la neno la siri au la ruhusa.

Dalili yake ni rahisi: ukiisubiri hifadhidata iwake kabisa, kisha ukaiwasha Tomcat upya bila kubadili chochote, inakubali. Ikiwa ndivyo, iambie systemd kwamba Tomcat isubiri, kwa mstari `After=` wenye jina la huduma ya hifadhidata chini ya `[Unit]`. Na nunua UPS, yaani betri ya akiba ya mashine, yenye waya wa kuwasiliana nayo, ili betri inapokaribia kuisha seva ijizime yenyewe kwa utaratibu. Kati ya vifaa vyote vya ofisi ya takwimu, hicho ndicho ningekinunua kwanza, kabla ya mashine mpya.

Kazi ya kesho asubuhi

Kama una seva unayoitunza, iwe ya kituo cha afya, ya shule au ya chama cha wakulima wa mpunga, kesho kabla watu hawajafika fanya haya wakati yote ni mazima. Andika kwenye daftari la karatasi jina la mtumiaji wa kila programu, mahali lilipo faili lake la mipangilio, mahali ilipo logi yake, na mpangilio wa kuwasha. Chapisha majibu ya `ls -l` ya mafaili muhimu na uyabandike humo, uwe na cha kulinganisha siku yatakapobadilika. Kisha tafuta kwenye folda zako za data mstari wowote unaosomeka `rwxrwxrwx`. Ukiukuta, hata kama mfumo unafanya kazi na hakuna aliyelalamika, tafuta jina linalostahili kulimiliki faili hilo, mrudishie yeye, na uwaondoe wengine wote.